Owino Uhuru: Kuficha Vipimo vya Sumu ni Kuficha Ushahidi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Tarehe 6 Disemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya ilirudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakaazi wa Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ulio upande wa Mikindani, Mombasa. Fidia hiyo ilikuwa imetolewa kwa mara ya kwanza tarehe 16 Julai 2020 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, pamoja na amri ya kusafisha udongo wa eneo hilo au kutengwa shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia. Ilibidi wakaazi wapande ngazi ya mwisho kabisa ya mahakama za nchi ili wapewe tena kile walichokwisha kupewa.

Wengi walioisikia habari hii walishangilia kiasi cha fedha. Sisi tunapenda kumwelekeza msomaji kwenye swali jingine. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ubavuni mwa nyumba za watu kilianza kazi mwaka 2007 na kikafungwa mwaka 2014. Kesi ilifunguliwa mwaka 2016. Hukumu ya mwisho imekuja 2024. Katika miaka yote hiyo, ni nani aliyejua kilichokuwamo katika hewa, maji na udongo wa mtaa ule? Na waliojua, kwa nini walioishi pale hawakuambiwa?

Jibu la swali hilo linatuhusu Waislamu, kwa sababu ndani yake mna masuala mawili ambayo dini yetu imeyawekea hukumu nzito: kudhuru na kuficha.

Kilichotokea

Betri ya gari ina madini ya risasi. Betri zikikusanywa, zikavunjwa na kuyeyushwa, risasi hiyo huuzwa upya na faida yake ni nzuri. Lakini moshi na vumbi vinavyotoka hubeba risasi hadi kwenye mabati, mitungi ya maji, nguo zilizoanikwa na mchanga wanaochezea watoto. Risasi haina harufu ya kumtahadharisha mtu. Mama huona mtoto ana homa, anatapika, hakui, amechelewa kusema, asijue sababu.

Bi Phyllis Omido, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua. Madaktari walimtibu maradhi ya kawaida, hali haikubadilika. Alipopimwa damu kwa ajili ya risasi ndipo ugonjwa ukajulikana. Watoto wengine watatu wa mtaani wakapimwa, nao pia wakakutwa na sumu ile ile. Kwa maelezo yake mwenyewe, tathmini ya athari kwa mazingira aliyopewa kazi ya kuisimamia ilikuwa tayari imeonyesha kwamba kiwanda kile hakikustahili kuwa karibu na makaazi ya watu, naye akaondolewa kwenye shughuli hiyo.

Tuyatafakari hayo. Habari ya hatari ilikuwapo. Iliandikwa na mtaalamu, ikalipiwa, ikawekwa mezani. Waliokuwa hawana ni wale waliokuwa wakiivuta hewa yenyewe.

Miaka kadhaa baadaye watafiti walipopima damu za watoto wa Owino Uhuru na kuzilinganisha na za watoto wa mtaa mwingine wa Mombasa, Bangladesh, wastani wa risasi kwa watoto wa Owino Uhuru ulikuwa takriban mara mbili. Tayari kiwanda kilikuwa kimefungwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo huweza kufyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye kiasi kile kile kilichoingia tumboni.

Kipimo kisichochukuliwa leo

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linalofanya suala la taarifa kuwa suala la haki. Risasi haikai katika damu. Mtu akiondolewa kwenye chanzo cha sumu, kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa takriban nusu ndani ya mwezi mmoja hivi, na sehemu yake huhamia kwenye mifupa na meno, ambako hukaa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, ile risasi ya zamani inaweza kutoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Na madhara ya risasi kwenye ubongo wa mtoto hayarudi nyuma.

Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa amedhurika kwa maisha yake yote, na damu yake ikipimwa baada ya miaka isionyeshe ukubwa wa kilichompata. Kila mwezi unaopita bila ya kupima, au baada ya kupima bila ya kuwapa watu majibu yao, ni ushahidi unaoyeyuka. Anayechelewesha vipimo hahitaji kuvichoma moto. Wakati humfanyia kazi hiyo.

Ndiyo maana tunasema: jamii inayoishi jirani na kiwanda, jaa la taka, machimbo au bandari ikikosa vipimo, imekosa mambo matatu kwa mpigo. Imekosa kujikinga, kwa sababu haijui ajikinge na nini. Imekosa tiba, kwa sababu daktari hatafuti asichokidhania. Na imekosa haki, kwa sababu mbele ya kadhi au hakimu mdai hutakiwa kuleta ushahidi, na ushahidi umo kwenye kabati la mdaiwa.

Mtazamo wa sharia

Wanachuoni wa usul, akiwamo Imam al-Ghazali (Allah amrehemu), wamebainisha kwamba sharia imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tazama sumu hii inavyoyagusa. Inaua nafsi. Inapunguza akili ya mtoto kabla hajajua kusoma Alif. Inakifikia kizazi kilichomo tumboni. Na inakula mali ya mzazi kwa gharama za hospitali zisizokwisha. Ni nadra kuona dhara moja likigusa makusudio ya sharia kwa upana huu, halafu likachukuliwa kuwa ni suala la wanaharakati tu lisilohusu mimbari.

Kanuni ya fiqhi inajulikana na kila mwanafunzi wa madrasa: hapana kudhuru wala kudhuriana, na dhara ni lazima liondolewe. Hatuhitaji kurefusha hapo. Kwa suala letu, fundisho lililo karibu zaidi ni kisa alichokipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.).

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula. Akatia mkono wake ndani ya rundo, vidole vikagusa unyevu. Akamuuliza mwenye chakula kulikoni. Yule mtu akajibu kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile sehemu yenye maji ili watu waione, kisha akatoa onyo kali kwamba mwenye kughushi hana sehemu kwake.

Kisa hiki tumezoea kukisikia katika mawaidha ya biashara. Tukisome tena tukiwa na Owino Uhuru akilini, tutaona mambo matatu.

La kwanza, Mtume (s.a.w.) hakungoja mnunuzi aje kulalamika kwamba ameumwa tumbo. Alitia mkono mwenyewe. Huo ndio ukaguzi, na ndio msingi wa taasisi ya hisba ambayo Imam al-Mawardi ameieleza kwa urefu katika al-Ahkam as-Sultaniyya. Mwenye mamlaka anayengoja wagonjwa wahesabike ndipo apime, amekwenda kinyume na mwenendo huo.

La pili, mfanyabiashara yule hakuleta mvua. Unyevu haukuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa kuuweka chini na kuliweka kavu juu. Kwa hiyo hata pale ambapo kiwanda kinaweza kusema kwamba kuvuja kwa sumu kulikuwa ni ajali, au kwamba mitambo iliharibika bila kukusudia, udhuru huo haufuniki kosa la pili, la kuficha. Ajali ina hukumu yake, na kuficha kuna hukumu yake.

La tatu, Mtume (s.a.w.) hakulifunga soko. Aliagiza kwa swali lile kwamba kilichomo chini kiwekwe juu, ili anayenunua anunue akijua. Hili ni jibu kwa wale wanaosema kwamba kudai vipimo vya mazingira ni kufukuza wawekezaji na kuwakosesha vijana kazi. Uislamu haupigi vita kiwanda. Unataka kilichomo ndani ya rundo kionekane.

Na kama chakula cha dirham chache kinapewa uzito huo, basi itakuwaje hewa ambayo mtu hana hiari ya kutoinunua?

Swali la mwajiriwa

Lipo swali ambalo ndugu zetu wanaofanya kazi viwandani, maabara na katika ofisi za serikali hujiuliza: nimesaini mkataba wa kutunza siri za kazi, nami nimeona vipimo vinavyoonyesha watu wanadhurika. Je, ninyamaze?

Msingi wa jibu uko wazi. Mkataba ni amana na Muislamu hutakiwa kutimiza masharti aliyoyakubali. Lakini katika Hadithi iliyopokewa na Imam at-Tirmidhi, masharti ya Waislamu yamewekewa mpaka: sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali halifuatwi. Siri ya biashara iliyo halali, kama namna ya kutengeneza bidhaa, bei au wateja, ni haki ya mwajiri na haifai kuitoa. Ama sumu iliyomo katika maji wanayokunywa watu, hiyo si siri ya biashara. Ni ushahidi. Na Mwenyezi Mungu katika Surat al-Baqara, aya ya 283, amekataza kuficha ushahidi na akauhusisha moyo wa mwenye kuuficha na dhambi. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimame na uadilifu hata kama ushahidi utakuwa juu ya nafsi zetu au jamaa zetu.

Hata hivyo hekima ni sehemu ya dini. Aanze kwa kumwambia mkuu wake kwa maandishi. Akipuuzwa, apeleke kwa mamlaka inayohusika. Na kabla ya kufika mbali amuulize mwanachuoni anayemwamini pamoja na wakili, kwa sababu kila kesi ina hali zake na yeye pia ana familia inayomtegemea. Wasilofaa kulifanya yeye na wenzake ni kusaini ripoti wanayoijua kuwa ni ya uongo. Hapo wametoka kwenye kunyamaza na wameingia kwenye kusaidiana katika uovu, jambo lililokatazwa katika aya ya 2 ya Surat al-Maida.

Sheria za nchi ziko upande wa mwananchi

Wengi wetu tunadhani kuomba taarifa serikalini ni kuomba hisani. Sivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu au shirika binafsi kama zinahitajika kulinda haki nyingine. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya.

Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Mambo yaliyomo ni mepesi kuliko wengi wanavyodhani. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Afisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na kama taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Mwombaji halazimiki kueleza sababu ya kuitaka taarifa. Akinyimwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Na sheria hiyo inayagusa hata mashirika binafsi yaliyoshika taarifa zenye umuhimu mkubwa kwa umma kuhusu mazingira au afya.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inayompa raia njia ya kuomba taarifa katika taasisi za umma, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inaitambua haki ya kupata taarifa za mazingira. Kimataifa, Azimio la Rio la 1992, katika kanuni yake ya 10, liliweka wazi kwamba watu wanastahili kupata taarifa za mazingira, kushiriki katika maamuzi na kufikia mahakama. Ulaya waliifanya kanuni hiyo kuwa mkataba huko Aarhus mwaka 1998, na nchi za Amerika ya Kusini na Karibiani zikafanya hivyo huko Escazú mwaka 2018. Afrika bado haina mkataba wake wa namna hiyo, ingawa mwaka 2023 Guinea-Bissau ilijiunga na ule wa Aarhus.

Kwa hiyo sheria ipo. Katika kesi ya Owino Uhuru mahakama haikukibebesha kiwanda peke yake mzigo. Taasisi za serikali, ikiwamo Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), zilionekana kuwa na sehemu katika lawama na katika kulipa. Hilo ni onyo kwa kila afisa anayedhani kwamba kalamu yake haidhuru mtu.

Misikiti ifanye nini?

Sheria iliyo kitabuni haimpimi mtoto damu. Panahitajika watu wa kuiendea, na katika mitaa mingi ya pwani yetu hakuna taasisi inayokutanisha watu mara nyingi kuliko msikiti. Tunapendekeza yafuatayo kwa kamati za misikiti zilizo jirani na viwanda, majaa na machimbo.

Kwanza, kamati imteue mtu mmoja mwaminifu awe mwandishi wa barua za mtaa. Aombe kwa maandishi ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, leseni ya kiwanda, ripoti za ukaguzi wa kila mwaka na vipimo vya maji taka na moshi. Abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa.

Pili, mtaa uweke daftari lake. Moshi ulitoka siku gani na saa ngapi, kisima gani kimebadilika rangi, watoto wangapi wameugua maradhi yanayofanana. Hayo hayachukui nafasi ya maabara, lakini humwonyesha mpimaji mahali pa kupima. Kila mzazi adai majibu ya vipimo vya mwanawe kwa karatasi na ayahifadhi. Majina ya wagonjwa yasitangazwe, kwani siri ya mgonjwa ni amana. Hesabu ya jumla ndiyo mali ya mtaa.

Tatu, taarifa ikipatikana isomwe kwa lugha ya watu. Ripoti ya kurasa mia mbili kwa Kiingereza, imejaa mikrogramu kwa desilita, haijamfikia mama wa Owino Uhuru hata akikabidhiwa mkononi. Atafutwe mwalimu wa sayansi au daktari aeleze baada ya swala, na waalikwe majirani wasio Waislamu, kwa kuwa sumu haiulizi dini ya mtu na haki ya jirani katika Uislamu haikufungwa kwa Muislamu mwenzake.

Nne, tujichunge na uvumi. Aya ya 6 ya Surat al-Hujuraat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwatenda watu kwa ujinga kisha tukajuta. Ujumbe wa simu unaodai kwamba kiwanda fulani kinaua, bila kipimo, ni dhulma kwa mwenye kiwanda na unaidhoofisha kesi ya kweli. Lakini tuseme pia kwamba uvumi hukua mahali palipofichwa ukweli. Anayelalamika kwamba wananchi wanamzushia, aweke vipimo vyake hadharani.

Tano, na hili ni zito kulisema: tuangalie misaada. Kiwanda kikileta tende na mchele wa futari, au kikipaka rangi msikiti, hapana ubaya kupokea kilicho halali. Ubaya ni pale futari ya mwezi mmoja inaponunua kimya cha imamu kwa miezi kumi na moja. Kamati inayopokea msaada na iseme siku hiyo hiyo, kwa heshima, kwamba inaomba pia ripoti ya vipimo. Jibu litawaonyesha kama waliletewa sadaka au waliletewa bei.

Hitimisho

Hukumu ya Mahakama ya Juu ni jambo la kushukuriwa, na haki ya walionyanyaswa ilipwe na udongo wao usafishwe bila kuwazungusha. Lakini fidia haimrudishii mtoto akili iliyopotea. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na umri wa miaka 17 hukumu ya mwisho iliposomwa. Karatasi moja yenye tarakimu za kweli, iliyosomwa kwa Kiswahili mbele ya wazazi wake mwaka 2009, ingemfaa kuliko shilingi za mwaka 2024.

Wapo leo watoto wengine wanaocheza kwenye mchanga ulio jirani na kuta za viwanda, na yupo mtu ofisini mwenye kabati lenye majibu. Tukimuuliza kwa barua, tutakuwa tumetimiza wajibu wetu. Akinyamaza, ajue kwamba kilichomo kabatini si chake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye walioathirika, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe katika wasemao kweli na waitendao.

Wallahu a'alam.